Kuondoa platini kwenye Dodge Charger ya 1969

Wanaomiliki magari ya misuli ya Kimarekani ya miaka ya 1960, yaani yale yenye injini kubwa za V8 katika bodi za ukubwa wa kati, huuliza swali lilelile kabla ya kununua mfumo wa kuwasha wa kielektroniki: gari litaongeza nguvu kiasi gani? Baada ya kuufunga mfumo huo kwenye Charger yangu yenye injini ya inchi za ujazo 383, takriban lita 6.3, naona kwamba swali hilo haligusi faida yenyewe. Injini ambayo platini zake, yaani swichi ya zamani ya kukata umeme wa cheche, ni mpya, pengo lake limepimwa na taimingi yake, yaani wakati wa kupiga cheche, imewekwa sawasawa haitapata nguvu ya maana kwa kubadilishiwa mfumo wa cheche peke yake. Kinachopatikana ni uthabiti. Mpangilio unaowekwa leo hubaki vilevile baada ya maelfu ya kilomita, na injini huwaka wakati wa baridi bila kubembelezwa. Kwangu mimi hilo lina thamani kubwa kuliko nguvu za farasi chache zinazoahidiwa kwenye karatasi, na ndiyo sababu ninaieleza kwa urefu kazi ambayo wauzaji huitangaza kuwa ya muda mfupi. Kufunga moduli yenyewe, kifaa kidogo cha kielektroniki kinachochukua nafasi ya platini, ni kazi ya muda mfupi kweli. Kuitengenezea distributa nzima, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, ya kukaa ndani yake na umeme safi wa kuitumia ndiko kunakohitaji subira, na moduli iliyofungwa bila maandalizi hayo ndiyo inayorudishwa dukani kwa madai kwamba ni mbovu.

Ndani ya distributa ya zamani mna swichi ya kimakanika, platini, na mhimili wa distributa hiyo una kemu yenye kona nane, moja kwa kila silinda. Kona inapopita huisukuma platini ifunguke, na ikishapita springi huifunga tena. Platini zikiwa zimegusana, umeme wa betri hupita kwenye waya mnene wa koili, kifaa cha kukuza volteji, na kujenga uga wa sumaku. Zikiachana, umeme hukatika, uga huo huporomoka ghafla, na kuporomoka kwake huzalisha kwenye waya mwembamba wa koili volteji ya maelfu ya volti, ambayo rota, mkono unaozunguka juu ya mhimili, huipeleka kwenye plagi ambayo zamu yake imefika. Kondensa iliyofungwa sambamba na platini huupokea umeme unaotaka kuruka pengo wakati platini zinaachana, kwa kuwa bila hiyo cheche ingepigwa kwenye platini badala ya kupigwa ndani ya silinda. Charles Kettering aliubuni mpango huu mwanzoni mwa karne ya 20, nao ulitumika kwenye magari ya petroli kwa zaidi ya miaka 60 bila kubadilika kimsingi. Ni ubunifu unaostahili heshima, na sikuuondoa kwenye gari langu kwa kuudharau.

Udhaifu wake uko kwenye hesabu. Injini ya V8 ya mipigo minne inahitaji cheche nne kwa kila mzunguko wa krenki, mhimili mkuu wa injini, na kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, mwendo ambao 383 huufikia bila taabu, hizo ni cheche 20,000 kwa dakika. Muda kati ya cheche moja na inayofuata ni milisekunde 3. Platini hugusana kwa takriban digrii 30 kati ya digrii 45 ambazo kila kona ya kemu imetengewa, kwa hiyo koili hubaki na milisekunde 2 tu za kujijaza. Springi iliyochoka hushindwa kuifuata kemu kwa kasi hiyo, platini hurukaruka badala ya kufunga, na cheche hukosekana pale hasa dereva anapoihitaji zaidi.

Hata hivyo, kwa mtu anayeendesha kwa mwendo wa kawaida, adui mkubwa zaidi si kasi bali ni msuguano. Platini husukumwa na kemu kupitia kipande kidogo cha plastiki ngumu, nacho hulika taratibu. Kinavyolika, pengo hupungua, platini huchelewa kufunguka, na cheche huchelewa pamoja nazo. Kwa sababu kona ya kemu ina pande mbili zinazolingana, kila digrii moja inayoongezeka kwenye pembe ya kugusana huchelewesha cheche kwa nusu digrii ya distributa, ambayo ni sawa na digrii moja ya krenki. Gari halisimami siku moja kwa ajili ya hilo. Hupoteza wepesi wake polepole, matumizi ya petroli hupanda, joto huongezeka, na mwenye gari huzoea kila hatua ya kuharibika huko hata asijue kwamba gari lake si lile alilokuwa nalo mwanzo wa mwaka. Naamini kwamba wengi wanaosimulia kuhusu nguvu walizoongeza kwa moduli walizipata kwa njia hii: walitoa platini zilizochoka, wakaweka moduli, wakapanga taimingi upya, na gari likarudi mahali lilipopaswa kuwa tangu awali.

Nilipozitoa platini zangu za mwisho nilizitazama kwa kioo cha kukuzia. Uso mmoja ulikuwa na kilima kidogo cha rangi ya majivu, chenye chembechembe kama za mchanga, na uso wa pili ulikuwa na shimo la umbo lilelile, kwa sababu kila umeme ulipokatika chembe za tangsteni zilihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Fila geji, kibamba chembamba cha kupimia pengo, ikiingizwa kati ya nyuso za namna hiyo hupima kutoka kilele cha kilima hadi ukingo wa shimo, na kipimo inachotoa si pengo halisi. Ndiyo maana fundi mwangalifu, akikuta platini zilizokwisha kutumika, hupima pembe ya kugusana kwa mita na kuiacha fila geji kwa zile mpya.

Viwanda vyenyewe viliujua udhaifu huu. Pontiac ilitoa mfumo wa transista usio na platini kama chaguo la ziada mwaka 1963. Chrysler, iliyotengeneza magari ya Dodge, ilianza kuusambaza wa kwake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kufikia magari ya mwaka 1973 ulikuwa wa kawaida kwenye injini zake za Marekani. General Motors na Ford zilifuata, na kufikia magari ya 1975 platini zilikuwa zimetoweka kwenye magari mapya ya makampuni hayo yaliyotengenezwa Marekani. Msukumo mkubwa ulitoka kwenye Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970, kwa kuwa silinda inayokosa cheche humwaga petroli isiyoungua kwenye ekzosi, na vichujio vya kemikali vilivyoanza kufungwa kwenye ekzosi za magari ya 1975 huharibiwa na petroli hiyo. Charger yangu ilitoka kiwandani miaka minne tu kabla ya kampuni hiyohiyo kuziacha platini. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba mfumo wa kielektroniki unaisaliti historia ya gari la namna hii, hasa ikiwa hakuna tundu jipya lililotobolewa wala waya wa asili uliokatwa.

Njia za kufanya mabadiliko haya ni kadhaa. Mtu anaweza kuing'oa distributa yote na kuweka ile ya Chrysler ya miaka ya 1970, yenye gurudumu la meno nane na sensa ya sumaku, pamoja na kisanduku chake cha kielektroniki kinachofungwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Ni mfumo imara, na mtu anayejenga injini upya kutoka chini sina sababu ya kumshawishi afanye vingine. Kwa mwenye Chevrolet, njia inayolingana na hiyo ni distributa ya HEI ya General Motors, ambayo koili yake imo ndani ya kofia. Lakini kofia hiyo ni pana, katika baadhi ya magari hugombana na ukuta au na nyumba ya kichujio cha hewa, na nyaya za plagi za zamani haziingii kwenye vichwa vyake. Wengine hufunga visanduku vinavyotumia kapasita, mfano MSD 6A, ambavyo hupiga cheche kadhaa mfululizo kwa kila pigo injini ikiwa chini ya takriban mizunguko 3,000. Vinafaa sana kwa injini yenye kemu kali ya vali inayochafua plagi, na vinaweza hata kuamrishwa na platini zilezile za zamani, ambazo sasa hubeba umeme kidogo sana hivyo nyuso zake hudumu. Lakini hapo kipande cha plastiki bado kinasuguana na kemu ya distributa, pengo bado linapungua, na taimingi bado inahama. Yaani lile tatizo lililonikera zaidi linabaki palepale.

Nilichochagua ni moduli ndogo inayokaa chini ya kofia ya distributa, mahali palipokuwa na platini. Yangu ni Pertronix Ignitor. Pete yenye sumaku nane huvikwa kwenye kemu chini ya rota, na kando yake husimama sensa ya Hall, iliyopewa jina la Edwin Hall, mwanafizikia wa Marekani aliyegundua mwaka 1879 kwamba uga wa sumaku unapokatiza kipande cha metali kinachopitisha umeme, volteji ndogo hujitokeza kwa kukingamana na mkondo huo. Kila sumaku inapopita, sensa huiamuru transista ikate umeme wa koili. Hakuna kinachogusa kingine, kwa hiyo hakuna kinacholika. Kofia ikishafungwa, dalili pekee inayoonekana ni nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zinazotoka kwenye distributa badala ya waya mmoja.

Kabla ya kufungua pakiti ya moduli, itoe distributa uilaze mezani. Moduli inaweza kufungwa distributa ikiwa mahali pake, na maelezo ya watengenezaji yanaruhusu, lakini distributa ya miaka zaidi ya 50 haipaswi kuaminiwa bila kukaguliwa. Kwenye 383 iko mbele ya injini, inafikika kwa urahisi na inashikwa na boliti moja. Kwanza igeuze krenki mpaka pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu kwenye pigo la kubana, weka alama mahali rota inapoelekea na mahali bodi ya distributa inapokutana na injini, kisha uivute. Ulimi wa chini huingia kwenye mfereji wa mhimili unaoizungusha, kwa hiyo inaweza kurudi kwa namna mbili tu: sahihi, au iliyogeuka nusu mzunguko. Alama ya rota ndiyo itakayokuambia umerudisha ipi.

Ikiwa mezani, shika ncha ya juu ya mhimili na uisukume kando. Mchezo ukionekana kwa macho, bushi zimekwisha na zinabadilishwa kabla ya jambo jingine lolote. Kwa platini, mhimili unaotikisika hubadilisha pengo kutoka silinda moja hadi nyingine. Sensa ya Hall huvumilia kidogo zaidi, lakini pete ya sumaku ikiigusa sensa hata mara moja kwa kasi, sensa hupasuka. Kisha izungushe rota kwa mkono kuelekea upande wake wa kuzunguka, iachie, na utazame kama inarudi yenyewe kwa nguvu ya springi. Chini ya sahani inayobeba platini mna vizito viwili vinavyotanuka kadiri kasi inavyoongezeka ili kuiwahisha cheche, na grisi ya zamani inapokauka hugeuka gundi inayovishikilia. Gari lenye vizito vilivyoganda litakuwa zito kwa mwendo wa juu hata likifungiwa moduli ya bei gani. Vioshe, vipake mafuta kidogo, na uhakikishe springi zote mbili zipo na hazijanyooka. Mwisho, nyonya bomba la advansi ya vakyumu, inayoiwahisha cheche kwa mvuto wa hewa ya injini, kwa mdomo na uzibe kwa ulimi: sahani isogee na ibaki imesogea. Ikirudi, ngozi ya ndani imetoboka.

Kuna waya mmoja mdogo ambao hupuuzwa mara nyingi na ambao ningependa kila anayefanya kazi hii autafute. Ni ule mlaini unaounganisha sahani ya juu na bodi ya distributa. Sahani husogea kila vakyumu inapoivuta, kwa hiyo waya huo hupindwa mara nyingi mno, na nyuzi zake hukatika moja moja ndani ya gamba lake bila kuonekana. Moduli inayokaa kwenye sahani hupata athi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia huo. Ukikatika, athi itapita kwenye mabaki ya mafuta na kutu ya mahali sahani inapoegemea, na injini itakuwa ikizimika bila mpangilio kila advansi inapofanya kazi. Niliubadilisha wangu kabla ya kuupima, kwa kuwa ni waya wa urefu wa kidole na hakuna sababu ya kuuonea huruma.

Sasa umeme, ambao kwa maoni yangu ndio moyo wa kazi yote. Koili ya magari haya haikukusudiwa kupokea volti zote za betri wakati wote. Kwenye Chrysler kuna rizista ya kauri kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Kwenye Ford na General Motors kazi hiyo hufanywa na waya maalumu wenye ukinzani uliomo ndani ya fungu la nyaya, nao kwa macho hufanana na waya wa kawaida. Sababu ya kuwapo kwa ukinzani huo ni platini, ambazo huungua upesi zikibebeshwa umeme mwingi. Wakati wa kupiga stata, betri huelemewa na volteji hushuka, kwa hiyo kiwanda kiliweka njia ya pili inayoirukia rizista na kuipa koili umeme wote uliopo kwa sekunde hizo chache. Kwenye Charger njia hizo mbili ni nyaya mbili tofauti: wa buluu hupata umeme ufunguo ukiwa kwenye nafasi ya kuendesha, na wa kahawia hupata umeme wakati wa kupiga stata tu. La muhimu kuelewa ni kwamba wa buluu hukosa umeme kabisa wakati stata inazunguka. Anayeiondoa rizista na kuuacha waya wa kahawia ukining'inia atashangaa kuona injini inazunguka bila kuwaka, kisha inashtuka na kukohoa mara moja pale anapoachia ufunguo. Moduli haina kosa. Inaamka stata ikiwa imekwisha kuacha.

Moduli nayo inataka volti zote, si zile zilizobaki baada ya rizista. Nilichofanya ni kuziunganisha nyaya za buluu na kahawia pamoja kwenye upande mmoja ili kuwe na umeme katika nafasi zote mbili za ufunguo, kisha nikautumia umeme huo kuamsha rilei tu, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo. Umeme wenyewe wa koili na moduli hutoka kwenye nguzo ya alteneta kupitia fyuzi na rilei hiyo. Niliuchukua kwenye alteneta badala ya betri kwa sababu Chrysler ya wakati huo hupitisha umeme wa kuchaji betri kwenye ampea mita ya dashibodi, na chochote kinachonyonya kutoka upande wa betri huifanya mita hiyo ionyeshe kwamba betri inachajiwa daima, jambo linalomnyima dereva habari anayoihitaji.

Mtu anaweza kuuliza rilei ni ya nini, ikiwa waya wa buluu una volti 12. Jibu liko kwenye kiunganishi kikubwa cha plastiki kinachopitisha nyaya kutoka upande wa injini kwenda upande wa dashibodi. Vipini vyake vimekaa karibu na joto na unyevu kwa zaidi ya nusu karne, vingi vimeota kutu ya kijani, na baadhi vimepata joto hadi plastiki ikageuka kahawia. Swichi ya ufunguo nayo imechoka. Pima volteji kwenye koili injini ikiwa inanguruma, kisha pima kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali umeme unageuka joto, na hapo ndipo pa kushughulikia kabla ya kulaumu kitu kingine. Pima pia alteneta inachaji kwa volti ngapi. Charger ya 1969 ilitoka na regyuleta, kidhibiti cha volteji ya kuchaji, ya kimakanika, yenye platini zake yenyewe ndani, na regyuleta kama hiyo ikichoka huruhusu volteji kupanda na kushuka kwa namna ambayo platini za distributa hazikuijali lakini transista huijali sana. Chrysler iliibadilisha kwa ya kielektroniki kwenye magari ya 1970, nami nimefuata nyayo hizo.

Koili lazima ilingane na moduli. Kwa injini ya silinda nane, Ignitor ya kizazi cha kwanza huhitaji koili ambayo waya wake mnene una ukinzani wa angalau omu 1.5, na hilo lipimwe kwa mita badala ya kusomwa kwenye boksi. Hesabu inaonyesha kwa nini: volti 14 kwenye omu 1.5 ni zaidi ya ampea 9. Injini ikizunguka, koili haipati muda wa kufikia kiwango hicho kwa sababu umeme hukatwa kila baada ya milisekunde chache. Ufunguo ukiachwa umewashwa injini ikiwa imesimama, hakuna kinachoukata, na moduli ya aina hii huweza kuungua kwa njia hiyo. Anayependa kusikiliza redio gari likiwa limesimama autumie upande wa ufunguo wa vifaa vya ndani.

Kufunga moduli, baada ya yote hayo, ni kufungua skrubu za platini na kondensa, kuisafisha sahani mpaka metali ionekane, kuifunga moduli, kuisukuma pete ya sumaku ikae sawasawa kwenye kemu, na kupima nafasi kati ya pete na sensa kwa kipimo cha plastiki kilichomo kwenye pakiti, kisha kuizungusha pete mzunguko mzima kuhakikisha haigusi popote. Waya mwekundu huenda upande chanya wa koili na mweusi upande hasi. Ukikosea hapo moduli hufa papo hapo, kwa hiyo ni vema kuzisoma alama za koili kwa tochi hata kama unadhani unazijua.

Nyaya za plagi nazo hukaguliwa. Zile zenye kiini cha shaba tupu hutoa kelele za umeme zinazoweza kuivuruga sensa, kwa hiyo hutumika zile za kuzuia kelele. Mpango wa kuwaka wa 383 ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na silinda ya 5 na ya 7 ziko jirani upande mmoja wa injini na hufuatana kuwaka. Nyaya zake zikilazwa sambamba na kushikamana kwa mwendo mrefu, mpigo wa namba 5 huweza kuamsha umeme kwenye waya wa namba 7 kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Zitenganishe, au zikingamane mahali pamoja tu. Wenye V8 za Chevrolet za wakati huo wana mpango uleule na jirani walewale. Pengo la plagi nimelifungua kidogo tu, kutoka milimita 0.9 za kitabu hadi milimita 1. Pengo kubwa sana hudai volteji kubwa sana, na volteji hiyo hutafuta njia rahisi kupitia kofia na rota.

Taimingi hupangwa upya kabisa, kwa sababu sensa haikatizi umeme mahali palepale platini zilipokuwa zikikatiza. Injini ipate moto, bomba la vakyumu litolewe kwenye distributa na tundu lake kwenye kabureta lizibwe, kisha taa ya taimingi ielekezwe kwenye pulii. Hapo ndipo nilipoiona tofauti kwa macho yangu. Kwa platini, alama ilikuwa ikitetemeka, ikisogea digrii moja au mbili huku na huku hata injini ikiwa imetulia. Kwa moduli ilisimama, mstari mmoja mweupe wenye kingo kali. Nikaipandisha injini polepole hadi mizunguko 3,000 kuona vizito vinavyofanya kazi, alama ikapanda kwa mfululizo bila kuruka, ikakoma. Kwa injini nyingi za V8 za wakati huo jumla ya kuwahisha cheche kwa digrii 34 hadi 36 bila vakyumu ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini 383 ya kabureta ya mirija minne ina mbano wa 10 kwa 1, na petroli dhaifu itaifanya igonge. Barabarani, sikiliza unapokanyaga mafuta kwa gia ya juu. Ukisikia mlio wa kugonga, rudisha digrii mbili na usibishane na injini.

Mita ya mizunguko ya dashibodi imeendelea kusoma vizuri kwangu. Wenye Mustang za miaka hiyo wawe waangalifu, kwa kuwa mita ya kiwandani ya Ford hupitishiwa umeme wote wa koili ndani yake, nayo huweza kusoma vibaya au kugoma mfumo unapobadilika.

Platini huchoka kwa kutoa onyo; moduli ikifa, hufa ghafla. Kwa hiyo ndani ya kisanduku cha dashibodi ninabeba sahani ya pili yenye platini na kondensa zilizokwisha kupimwa, pamoja na bisibisi na fila geji. Rizista ya kauri sikuitoa ukutani: nyaya zake zimefungwa alama, na mchoro wa namna ya kuzirudisha umo kwenye mfuko uleule wa sahani, kwa sababu atakayezirudisha platini barabarani na kusahau kuirudisha rizista atafika nyumbani, lakini platini hizo hazitadumu.